Linda jina lako kabla hujafungua banda: mwongozo kwa wanaokwenda kwenye maonyesho na makongamano

Mwaka 1873 Austria iliandaa maonyesho makubwa ya dunia mjini Vienna. Wavumbuzi wengi wa nje wakasita kuja, kwa hofu kwamba wakianika kazi zao mbele ya umati, wengine wangeziiga na kuzifanya zao. Serikali ikalazimika kutunga sheria ya muda ya kuwalinda waonyeshaji. Mjadala ulioanzia hapo ndio uliozaa, miaka kumi baadaye, Mkataba wa Paris wa 1883 unaolinda hataza (haki ya kipekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), alama za biashara na maumbo ya bidhaa. Tanganyika iliingia kwenye mkataba huo mwaka 1963, Kenya mwaka 1965.

Hofu ile ya Vienna ndiyo hiyohiyo inayopaswa kumwamsha mtu anayejiandaa kwenda Sabasaba, Nanenane au kongamano lolote la biashara. Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai, viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa hujaa wajasiriamali waliotumia akiba yao kwenye banda, mabango, fulana na vifungashio vipya. Wengi wao hawajalilinda jina lililoandikwa kwenye hayo mabango. Kwenye makongamano ninayohudhuria, mada za ulinzi wa nembo hutolewa na wanasheria wa kampuni kubwa, na mifano yao huwa ya kampuni kubwa pia. Mwenye kiwanda kidogo cha sabuni hutoka ukumbini akiamini mambo hayo hayamhusu. Yanamhusu kuliko wote, kwa kuwa yeye akipoteza jina lake hana fedha za kujenga jingine.

Anza miezi sita kabla ya tukio kama unaweza. Ukiwa na mwezi mmoja tu, fanya angalau hatua tatu za mwanzo na ile ya kikoa, yaani anwani ya tovuti yako.

Hatua ya kwanza: jua ulicho nacho na usichonacho

Kusanya vyeti vyako vyote mezani. Nimekutana na watu wengi wanaosema "jina langu limesajiliwa", na ukiuliza limesajiliwa wapi, unaonyeshwa cheti cha TIN, leseni ya biashara, alama ya ubora ya TBS au msimbo pau. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokupa haki ya kumzuia mtu mwingine kutumia jina lako. TIN ni ya kodi. Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara. Alama ya TBS inasema bidhaa imefikia kiwango. Msimbo pau, ule unaoanza na 620 kwa waliosajiliwa GS1 Tanzania, shirika linalotoa misimbo hiyo, na 616 kwa Kenya, unaitambulisha bidhaa dukani na ghalani, basi.

Kinachochanganya watu zaidi ni cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, au kile cha BRS, ofisi ya usajili wa biashara Kenya, kwa wanaojisajili kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Cheti hicho kinaieleza serikali nani anafanya biashara kwa jina gani. Hata kampuni iliyosajiliwa kikamilifu haijalinda jina la bidhaa zake kwa kusajiliwa kwake. Kinachokupa haki ya kipekee ni alama ya biashara au huduma. BRELA wanaisajili pia, lakini chini ya sheria nyingine, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, na kwa maombi yanayojitegemea. Kenya ofisi yenyewe ni tofauti: alama husajiliwa KIPI, South C jijini Nairobi. Uganda ni URSB.

Zanzibar ina sheria yake na daftari lake, chini ya wakala wa usajili wa BPRA. Cheti cha BRELA hakivuki bahari. Mtu wa Dar anayeuza viungo au vipodozi kwa hoteli za Nungwi na Paje anahitaji maombi mawili, na ni ajabu jinsi jambo hili lisivyosemwa kwenye semina.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo haina usajili mmoja wa alama. Ukiuza Arusha na Nairobi, unaomba Tanzania na unaomba Kenya.

Hatua ya pili: hakikisha jina linalindika

Kabla ya kulipa chochote, jiulize kama jina lako linaweza kuwa la mtu mmoja. Maneno yanayoeleza tu bidhaa ilivyo hayapewi mtu. "Asali Asilia" kwa asali, "Unga Safi" kwa unga, "Kahawa ya Kilimanjaro" kwa kahawa: msajili atakukatalia, au atakupa nembo kwa sharti kwamba maneno yenyewe hayawi yako. Na ni haki, maana jirani yako naye ana asali asilia.

Kisa cha kikoi kinafundisha hili vizuri. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" nchini humo. Wakenya na watetezi wa biashara ya haki wakapinga: kikoi ni vazi la pwani yetu lililokuwapo kabla ya kampuni hiyo, na kama neno lingekuwa la mmoja, wafumaji na wauzaji wa Mombasa wangezuiwa kuliuza Uingereza kwa jina lake. Ombi likaishia kuachwa. Kilichookoa neno lile ni watu kupinga kwa wakati.

Kisa cha "Hakuna Matata" kinaonyesha upande wa pili. Disney waliomba maneno hayo Marekani mwaka 1994 na wakasajiliwa mwaka 2003, kwa ajili ya mavazi. Mwaka 2018 watu wengi wa Afrika Mashariki walikasirika mitandaoni na kusaini malalamiko. Hasira yao naielewa, maana ni kauli ya watu wote. Lakini kwa anayejifunza ulinzi wa nembo, jambo la kushika ni kwamba usajili ule una mipaka ya nchi na ya aina ya bidhaa. Haukumzuia mtu kusema "hakuna matata", wala kuuita hivyo mgahawa wake Bagamoyo. Haki ya alama hukaa ndani ya nchi na kundi la bidhaa ulizoombea, na haki yako pia itakaa humohumo.

Jina zuri la kulinda ni lile lisiloielezea bidhaa: neno la kubuni, neno la kawaida lililohamishiwa mahali pasipo pake, au muunganiko ambao mwingine hangeufikia kwa bahati. Kama jina lako ni dhaifu na tayari wateja wanalijua, usilitupe. Liunganishe na nembo yenye mchoro wa pekee, kisha usajili nembo nzima.

Hatua ya tatu: tafuta, kisha omba

Omba upekuzi rasmi kwenye daftari la msajili kabla ya kuwasilisha maombi. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na kuchapa upya maboksi elfu mbili. Usitafute jina lako kwa herufi zilezile tu; tafuta yanayosikika kama lako. Msajili na mahakama hutazama kama mnunuzi wa kawaida, aliyesimama dukani bila bidhaa mbili za kulinganisha, atachanganyikiwa. "Zuwena" na "Zuena" kwake ni jina moja.

Kisha chagua kundi. Dunia nzima karibu hutumia mgawanyo wa Nice wenye makundi 45: kundi la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Sabuni na vipodozi ni kundi la 3. Kahawa, chai, viungo na asali ni la 30. Mafuta ya kula na matunda yaliyokaushwa ni la 29. Nguo ni la 25, migahawa na hoteli ni la 43. Kila kundi lina ada yake, kwa hiyo kishawishi cha kubana matumizi ni kikubwa. Ushauri wangu ni huu: lipia kundi la kile unachouza leo, na kundi moja la kile utakachouza kwa hakika ndani ya miaka miwili. Usirundike makundi ya ndoto. Tanzania alama isiyotumika kwa miaka mitatu inaweza kuondolewa mtu akilalamika; Kenya ni miaka mitano.

Msajili akiridhika, ombi hutangazwa kwenye jarida rasmi, na kuanzia hapo watu wana siku 60 za kuweka pingamizi, Tanzania na Kenya kadhalika. Ndiyo maana nasema anza mapema: huwezi kuharakisha siku za pingamizi kwa sababu Sabasaba imekaribia. Habari njema ni kwamba usajili ukikamilika, haki huhesabiwa kuanzia tarehe uliyowasilisha ombi. Kwa hiyo hata kama cheti hakijatoka siku ya maonyesho, ombi lililopokelewa na kulipiwa lina uzito.

Tarehe hiyo ina faida nyingine. Chini ya Mkataba wa Paris, una miezi sita tangu ulipoomba kwenu kuomba katika nchi nyingine mwanachama na kuhesabiwa kana kwamba uliomba huko siku ileile. Ukiwasilisha BRELA mwezi Mei kisha ukaenda maonyesho ya Nairobi au Dubai mwezi Septemba, bado uko ndani ya muda. Wakenya na Wanyarwanda wana njia ya ziada, mfumo wa Madrid, ambapo ombi moja linaweza kutaja nchi nyingi. ARIPO ya Harare, shirika la kikanda la miliki bunifu, nayo hupokea maombi ya nchi za Itifaki ya Banjul, makubaliano yake kuhusu alama, lakini kwa Tanzania yenyewe ningekushauri uombe BRELA moja kwa moja.

Mkataba wa Paris huohuo unazitaka nchi zitoe ulinzi wa muda kwa bidhaa zinazoonyeshwa kwenye maonyesho ya kimataifa yanayotambuliwa. Usiutegemee. Kila nchi imeuwekea masharti yake, na si kila tukio lenye neno "kimataifa" kwenye bango linahesabika.

Jambo dogo la kumalizia: usiweke ile alama ya R ndani ya duara pembeni ya jina kabla ya kusajiliwa. Katika nchi nyingi ni kosa la kisheria. Herufi TM unaweza kuzitumia wakati unasubiri.

Hatua ya nne: kikoa na kurasa za mitandao, kabla ya tangazo la kwanza

Mwaka 1994 mwandishi mmoja wa jarida la Wired aligundua kwamba McDonald's hawajasajili mcdonalds.com. Akaisajili yeye, akaiandikia habari, na akawaachia McDonald's baada ya wao kukubali kutoa dola 3,500 za kuunganisha shule moja ya New York na intaneti. Wengi waliofuata hawakuwa na moyo huo. Wao huliuza jina kwa mwenye nalo, au hulitumia kuwaibia wateja wake.

Siku utakayobandika jina jipya kwenye kundi la WhatsApp la washiriki wa kongamano ndiyo siku mtu anaweza kulinunua. Kwa hiyo nunua kwanza. Chukua .co.tz au .co.ke, chukua .com kama ipo, na kama jina lako lina njia mbili za kuandikwa, chukua zote mbili. Sajili kikoa kwa jina la kampuni yako na kwa barua pepe unayoimiliki mwenyewe. Usikubali kijana anayekutengenezea tovuti akisajili kwa jina lake, hata kama ni mpwa wako. Siku mkigombana, au siku akihamia mji mwingine na kubadilisha namba, tovuti yako inabaki mikononi mwake.

Fanya vivyo hivyo Instagram, Facebook, TikTok, X na YouTube, hata kama hutarajii kutumia zote. Waandaaji wa matukio wanapaswa kuwa makini zaidi, maana tukio lenye jina na mwaka huvutia matapeli wanaofungua kurasa za "usajili wa washiriki" na "nafasi za hoteli" na kukusanya fedha. Tangaza mapema, mahali pamoja, anwani gani ndiyo rasmi na malipo yanapokelewa kwa namba ipi. Rudia tangazo hilo kila wiki.

Hatua ya tano: karatasi za nembo

Hii ni fupi. Nani alichora nembo yako? Kama ni mtu wa nje, muandikie karatasi inayosema amelipwa na haki zote za mchoro zimehamia kwako, msaini wote wawili na shahidi. Mwombe pia faili asilia za mchoro, si picha ya JPEG peke yake. Fanya hivi sasa mkiwa marafiki.

Hatua ya sita: siku za banda

Hapa ndipo watu hutoa siri zao kwa ukarimu. Mgeni anayeuliza maswali mazuri si lazima awe mnunuzi. Kubaliana na wenzako wa bandani, kabla ya kufungua, mambo matatu yasiyosemwa: mchanganyiko wa bidhaa, jina la anayekuuzia malighafi au vifungashio, na bei unayonunulia. Kijana uliyemwajiri kwa siku za maonyesho hajui kipi ni siri usipomwambia.

Kama una kitu kipya chenye ubunifu wa kiufundi, mashine ya kukamua mafuta, jiko banifu au umbo jipya la chupa, wasilisha ombi la hataza au la umbo kabla ya kukionyesha. Alama ya biashara inaweza kusajiliwa hata kama jina limeshatumika miaka kumi. Hataza na umbo haviko hivyo: sheria inadai upya, na ukishakianika hadharani unaweza kuwa umeuua upya huo kwa mkono wako. Kuna nchi zinazotoa muda wa msamaha na nyingine hazitoi. Ukiwa na shaka, leta bidhaa iliyofunikwa, onyesha inachofanya, na uache namna inavyofanya.

Zungumzo likiwa zito na mtu akataka kujua undani, ahirisha. Mwambie mtaonana ofisini, na mtie saini makubaliano ya kutunza siri kabla hujafungua faili. Mtu makini hakasiriki kwa hilo.

Ukialikwa kuzungumza jukwaani, uliza kwanza slaidi zako zitagawiwa kwa nani na kama kuna kurekodi. Kile usichotaka kionekane mtandaoni usikiweke kwenye slaidi. Waandaaji wakitaka nembo yako kwa ajili ya bango la wadhamini, wape faili safi na maelekezo mafupi ya rangi na ukubwa. Usipofanya hivyo wataichukua Facebook, itatokea imevutwa upana, na utakaa nayo hivyo ukutani siku nzima.

Angalia pia na wewe usiwe mkosaji. Mwezi Machi 2008 polisi wa Ujerumani waliingia kwenye maonyesho ya teknolojia ya CeBIT mjini Hannover na kupekua mabanda 51 kwa tuhuma za kukiuka hataza. Waonyeshaji walionyang'anywa bidhaa siku ile walikuwa wamesafiri mbali na kulipia nafasi zao kama wengine. Ukienda nje, fanya upekuzi wa jina na bidhaa yako katika nchi unayokwenda, maana jina ulilo nalo kwa haki Morogoro linaweza kuwa la mwingine kwa haki huko.

Hatua ya saba: kama safari yako ni Guangzhou

Nimeitenga kwa sababu wafanyabiashara wetu wengi wa Kariakoo na Eastleigh huenda maonyesho ya Canton mjini humo, yanayofanyika majira ya kuchipua na ya vuli, na huenda na nembo yao kwenye flashi ili kiwanda kiichape kwenye bidhaa. China haki huenda kwa anayetangulia kuomba, si kwa anayetangulia kutumia. Mtu anaweza kuiona nembo yako kiwandani au bandani na kuisajili huko kwa jina lake. Kisha, na hapa ndipo panapouma, anaweza kuiorodhesha kwenye forodha ya China, ambayo hukagua mizigo inayotoka nje kama inavyokagua inayoingia. Kontena lako lenye nembo yako mwenyewe linaweza kuzuiwa bandarini kabla halijaanza safari ya Dar au Mombasa.

Wasilisha ombi China kupitia wakala wa huko kabla ya kutuma faili ya nembo kwa kiwanda chochote, na tumia ile miezi sita ya Mkataba wa Paris kama umeomba kwenu hivi karibuni. Mkataba na kiwanda uandikwe kwa Kichina pamoja na lugha yako, useme kwamba nembo ni yako, kwamba kiwanda hakitaisajili wala kuuza bidhaa zenye nembo hiyo kwa mwingine, na kwamba mabaki na bidhaa zilizokataliwa zitaharibiwa. Hizo zilizokataliwa ndizo mara nyingi hurudi sokoni kwetu kama feki za bei nusu.

Hatua ya nane: wiki zinazofuata

Jina lako likishachapwa kwenye orodha ya washiriki na kwenye jarida la msajili, barua zitaanza kuja. Zijue tatu.

Ya kwanza ni ankara yenye nembo ya kuvutia inayodai malipo ya "kuandikishwa kwenye daftari la kimataifa la alama". WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, imekuwa ikiwaonya wenye alama kuhusu ankara hizo kwa miaka mingi. Ya pili ni barua pepe kutoka kwa msajili wa vikoa, mara nyingi akisema yuko China, anayekutaarifu kwa heshima kwamba kampuni fulani inataka kusajili jina lako kwa vikoa vya Asia na kukupa siku chache za kuwahi. Kampuni hiyo kwa kawaida haipo. Ya tatu ni fomu ya "kuhakiki taarifa zako kama mwonyeshaji", inayoonekana kama imetoka kwa waandaaji. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kuna mkataba wa miaka mitatu wa tangazo la kulipia. UFI, chama cha kimataifa cha sekta ya maonyesho, kimetoa tahadhari kuhusu fomu hizo mara kadhaa. Mwagize mhasibu wako asilipe wala kusaini chochote kinachohusu alama, kikoa au orodha ya maonyesho bila kumuuliza wakala wenu au msajili.

Kwa muda wa miezi mitatu, tenga saa moja kila wiki ya kutafuta jina lako mtandaoni, pamoja na makosa yake ya tahajia, kwenye Instagram, Facebook na soko la mtandaoni la Jiji. Na jarida la msajili likitoka, lipitie. Ni kurasa nyingi, lakini unatazama kundi lako tu.

Hatua ya tisa: ukimkuta mtu

Usianze kwa kupiga kelele mtandaoni. Anza na ushahidi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha za skrini zenye tarehe na anwani kamili ya ukurasa. Nunua bidhaa moja na upate risiti. Tafuta picha zako za zamani za banda, ankara za matangazo, vibali na kadi ya mshiriki, chochote kinachoonyesha ulikuwa unalitumia jina tangu lini.

Kisha pima. Je, mteja atachanganyikiwa kweli? Saluni ya Sumbawanga yenye jina linalofanana na la kiwanda chako cha viatu haikuibii kitu. Nimeona kampuni zikiwatumia barua kali watu wadogo wasio na kosa, na sioni fahari ndani yake. Nguvu zako ziweke kwa anayeuza bidhaa ya aina yako kwa sura yako.

Akiwa mtu anayejulikana, mwandikie barua tulivu kwanza: wewe ni nani, namba ya usajili wako ni hii, tunaomba uache kufikia tarehe fulani. Wengi huacha. Ikiwa ni ukurasa wa mtandao, tumia fomu ya jukwaa husika. Fomu ya Meta, wenye Facebook na Instagram, ya kuripoti matumizi ya alama hudai namba ya usajili, na hapo ndipo asiye na cheti hukwama. Ikiwa ni bidhaa bandia sokoni, Tanzania nenda Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Kenya nenda ACA, mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia. Wapelekee cheti, bidhaa halisi, bidhaa bandia, na orodha ya tofauti anazoweza kuziona ofisa asiyewahi kuiona bidhaa yako.

Kwa kikoa cha .com kuna utaratibu wa kutatua migogoro, UDRP, uliowekwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani. Unatakiwa kuthibitisha mambo matatu yote: kikoa kinafanana na alama yako, aliyekisajili hana haki halali nacho, na alikisajili na kukitumia kwa nia mbaya. Kupitia kituo cha WIPO, shauri la mwamuzi mmoja kwa kikoa kimoja hadi vitano hugharimu dola 1,500 za ada na huchukua takriban miezi miwili. Vikoa vya .tz na .ke vina taratibu zake kwa wasimamizi wao. Linganisha gharama hiyo na bei ya kikoa kwa mwaka, na hatua ya nne itakuingia zaidi.

Na si kila mgogoro uishe kwa mmoja kushindwa. Mwaka 2005 Ethiopia iliomba kusajili Marekani majina ya kahawa yake: Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha huko kikapinga, na mvutano na Starbucks ukasikika dunia nzima. Mwaka 2007 Ethiopia na Starbucks wakafikia makubaliano ya leseni yanayotambua majina hayo kuwa ya Ethiopia, na kahawa ikaendelea kuuzwa. Kama aliyekuiga ana wateja, kiwanda na nidhamu, leseni ya maandishi yenye masharti ya ubora inaweza kukuletea kipato ambacho kesi isingekuletea.

Tarehe za kuandika ukutani

Tanzania na Uganda usajili wa kwanza wa alama hudumu miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Vikoa vingi huisha kila mwaka. Weka vikumbusho kwenye simu za watu wawili, si mmoja, miezi sita kabla ya alama kuisha na mwezi mmoja kabla ya kikoa. Na ukihama ofisi au ukibadilisha wakala, mpelekee msajili anwani mpya mara moja, kwa sababu taarifa ya pingamizi au ya kuondolewa kwenye daftari hutumwa kwenye anwani iliyoandikwa humo, na siku za kujibu huanza kuhesabiwa hata kama barua imeishia kwa mpangaji mwingine.